Kibati Alichong'oa Conley

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku za safari. Siku hizo Ardelia Dial aliamka saa kumi na moja alfajiri, akateleka kahawa, akakaanga mkate wa mahindi. Katikati ya vipande viwili vya mkate alibana sukuma na nyama ya mafuta. Alikula upesi upesi, amesimama, dirisha likiwa wazi ili harufu itoke.

"Naisikia hiyo harufu," mumewe Conley aliita kutoka chumbani.

"Husikii kitu. Vaa viatu."

"Hata kijipande?"

"Ule kijipande, halafu daktari aje kunifokea mimi? Vaa viatu, mzee!"

Figo za Conley zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Hospitali yenye nafasi ilikuwa upande wa pwani. Kwenda ni saa moja na nusu, kurudi ni saa moja na nusu. Wakati wa kurudi Conley alikuwa hoi. Mwaka huo alikuwa amezimia garini mara mbili. Mara ya pili Ardelia alisimamisha gari kando ya shamba la tumbaku, akapiga mayowe. Hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Kwa hiyo waliamua kuhama. Binti yao Kendra alikuwa na kiwanja huko pwani, dakika tano kutoka hospitali.

"Njooni mkae kwangu," Kendra aliwaambia. "Nyumba si mnayo? Si inabebeka?"

Kweli, ilikuwa inabebeka. Ilikuwa nyumba iliyoundwa kiwandani. Ilikuja barabarani kwa magurudumu, vipande viwili, kila kipande nyuma ya lori lake. Kisha vikaunganishwa katikati, na humo Ardelia na Conley walilea mtoto na kuzika mbwa watatu uani. Huku kwetu, kando ya mto Lumber, sisi Walumbee, wenyeji wa asili wa nchi hii, wengi tunakaa katika nyumba za namna hiyo. Mtu akitaka kukuudhi, anaiita nyumba yako trela. Conley alikuwa tayari kupigana ngumi kwa neno hilo moja.

Basi Ardelia na Kendra walikwenda ofisi ya ujenzi ya huko pwani kuomba kibali. Walimkuta afisa, mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni.

"Naomba namba za vibati," alisema.

"Vibati gani?" Ardelia aliuliza.

"Vibati vyekundu. Vinapigiliwa nje ya nyumba, kwenye pembe ya nyuma. Ni vidogo, havifiki kiganja. Kila kipande cha nyumba kina chake. Yako ina vipande viwili, basi vibati viwili."

"Dada yangu, mimi nimekaa humo miaka ishirini na mbili. Sijui kibati mimi."

Afisa aliweka kalamu chini. "Basi siwezi kukupa kibali."

"Mbona? Nyumba ni yangu!"

"Sijasema umeiiba, Bibi Dial. Lakini mimi sijui imeundwa lini. Sijui imeundwa na nani. Sijui kama nyaya na mabomba na kuta zilikaguliwa. Kibati ndicho kinachosema kwamba nyumba ilikaguliwa kiwandani kabla haijatoka, ikafuata sheria. Bila kibati, kwangu mimi hilo ni sanduku tu."

Sanduku! Ardelia alibaki mdomo wazi. Wakaanza safari ya kurudi. Kendra alijaribu kumpa soda, akaikataa.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka hadi nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye pembe. Akapapasa ukuta. Akaona matundu manne madogo yamezibwa kwa gundi nyeupe. Akaenda kwenye kipande cha pili. Huko nako, matundu manne.

"Conley!"

"Naam."

"Njoo hapa! Hapa palikuwa na nini?"

Conley alikuja polepole. Alitazama matundu, kisha akatazama viatu vyake.

"Unakumbuka siku ile tuliporudisha hati?" aliuliza.

Ardelia alikumbuka vizuri. Nyumba za kiwandani huanza na hati ya umiliki kama ya gari. Ukishaikalisha kwenye ardhi yako moja kwa moja, unaweza kuirudisha hati hiyo serikalini. Inafutwa, na nyumba inahesabiwa pamoja na ardhi. Siku hiyo Conley alirudi anapiga mluzi. Alinunua hata keki.

"Yule karani aliniambia, kuanzia leo hiki si chombo cha barabarani tena, ni nyumba," Conley alisema. "Nami nikafikiri, gari likiacha kutembea, si unang'oa namba zake? Nikachukua patasi. Nikang'oa."

"Ukavipeleka wapi?"

"Nilivitia kwenye mfuko wa makopo ya soda."

"Na mfuko?"

"Nikaupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

"Conley Dial!" Ardelia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umeuza utambulisho wa nyumba pamoja na makopo ya soda? Miaka yote hii, hujaniambia?"

"Sikujua ni kitu cha kusema." Sauti ya Conley ilikuwa ndogo. "Nilitaka tu watu waache kuiita trela."

Ardelia alikuwa na maneno mengi mdomoni, na mengine si ya kusemwa mbele ya mchungaji. Lakini alimwona mumewe alivyokonda, mkono umevimba pale sindano zinapoingia, akayameza yote. Hasira zilimbakia, na huruma nayo ikambakia, akawa hajui ashike lipi.

Jioni Conley alikuja na wazo.

"Yuko jamaa mmoja wa lori, anaitwa Dub," alisema. "Anahamisha nyumba Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa. Haulizi kibali. Jumatatu wakiamka, nyumba iko kwa Kendra. Nani ataiondoa?"

Ardelia alijua ni kosa. Lakini alikumbuka lile shamba la tumbaku, na kichwa cha Conley kilivyoanguka begani kwake. Hakutaka kuifanya safari hiyo majira mengine ya baridi. Aliogopa kwamba siku moja atafika nyumbani na maiti.

"Mpigie," alisema.

Dub alikubali kuja Jumapili ile ile. Ila alitaka wao wenyewe waifungue mikanda ya chuma iliyoshikilia nyumba ardhini. Kwa kazi hiyo walihitaji jeki kubwa. Mwenye jeki alikuwa Rozella Brayboy, binamu yake Conley. Rozella alikuwa fundi wa kusimika nyumba za kiwandani, mwenye leseni. Kwa miaka thelathini alikuwa ametambaa chini ya nyumba za watu, na hakuna buibui wa kaunti ile asiyemfahamu.

Alikuja Ijumaa jioni na gari lake la matope. Hakuishusha jeki.

"Jeki ya nini, kaka?"

"Aa, kuinua kidogo tu."

"Kuinua nini?"

Conley alikuwa hajui kusema uongo. Alitazama mbali. Rozella akamgeukia Ardelia.

"Wifi, mnafanya nini hapa?"

Ardelia alimweleza yote, kuanzia ofisi hadi patasi hadi Dub. Aliposikia jina la Dub, Rozella aliruka.

"Dub! Yule hana leseni hata ya baiskeli! Mmerogwa nyie?"

"Tufanyeje sasa?" Ardelia alilia. "Vibati vimeuzwa! Serikali itupe vingine basi, tutalipa!"

"Haitoi."

"Haitoi nini?"

"Haitoi kibati kingine. Kimepigiliwa kiwandani mara moja. Kikipotea, kimepotea, hata ulie wiki nzima."

Ardelia alikaa kwenye ngazi.

"Ngoja, usife bado," Rozella alisema. "Kibati hawatoi, lakini barua wanatoa. Iko ofisi inayotunza kumbukumbu za vibati vyote. Ukiwapelekea namba ya nyumba, watatafuta, halafu watakuandikia barua ya uthibitisho. Barua hiyo inasimama mahali pa kibati."

"Na namba ya nyumba iko wapi?"

"Wifi, huku kwetu ukikutana na mgeni, unamwuliza nini kwanza?"

"Watu wako ni akina nani."

"Basi nyumba nayo tukaiulize. Lete karatasi na kalamu."

Rozella alitoa brashi ya waya na tochi. Alifungua ubao wa chini mbele ya nyumba, akalala kifudifudi, akaingia. Ardelia alisikia brashi ikikwaruza chuma, na Rozella akikohoa na kumtukana panya.

"Iko hapa!" sauti ilitoka chini. "Imegongwa kwenye chuma cha mbele, kile kilichofungwa kwenye lori. Kutu imeila kidogo, lakini inasomeka. Andika!"

Ardelia aliandika, herufi moja moja, namba moja moja. Kisha Rozella alitambaa upande wa pili. Kipande cha pili kilikuwa na namba ile ile, ila herufi ya mwisho ilikuwa tofauti.

"Hiyo hakuna wa kuing'oa kwa patasi," Rozella alisema alipotoka, nywele zimejaa utando. Akamtazama Conley kwa jicho kali. "Hata wewe."

"Nimeshakoma, dada."

"Sasa tutafute karatasi."

"Karatasi gani tena?" Ardelia alishtuka.

"Karatasi ya maelezo ya nyumba. Kibati kinakaa nje, karatasi inakaa ndani. Usiniambie Conley ameuza na hiyo."

Conley aliinua mikono. "Karatasi sijagusa! Naapa!"

Wakaingia ndani. Rozella alifungua kijisanduku cha swichi kubwa za umeme. Hakuna kitu. Akafungua kabati la nguo la chumba cha kulala, akasogeza makoti. Hakuna kitu. Akaenda jikoni, akafungua kabati moja baada ya jingine, akimulika tochi. Chini ya sinki alisimama. Ukuta wa ndani wa kabati ulikuwa umebandikwa karatasi ya maua ya waridi. Rozella alipitisha ukucha juu yake. Chini ya maua palikuwa na ukingo wa kitu kingine.

Conley akainama, akatazama.

"Mke wangu," Conley alisema kwa upole mno, "hayo maua nani aliyabandika?"

Ardelia alihisi uso unawaka moto. Maua aliyabandika yeye, mwaka ule ule waliohamia. Aliona karatasi mbaya ya manjano yenye maandishi madogo, akaona inachafua kabati lake jipya. Kutwa nzima alikuwa amemsema Conley kwa kujua kwake kwingi, kumbe na yeye!

"Nyamaza," alimwambia mumewe. "Usiseme hata neno moja."

"Sijasema kitu mimi."

"Unacheka."

"Sicheki," Conley alisema, huku mabega yakimtikisika.

Ardelia alichemsha maji. Rozella alishikilia birika karibu, mvuke ukalegeza gundi. Polepole maua yakabanduka. Chini yake karatasi ilikuwa nzima. Palikuwa na jina la kiwanda na tarehe ya kuundwa. Palikuwa na namba za nyumba, zile zile walizosoma kwenye chuma. Na chini yake, Mungu mkubwa, palikuwa na namba za vibati vyote viwili!

"Conley, zipo!" Ardelia alipiga makofi. "Namba zipo! Tunahama!"

Lakini Rozella hakupiga makofi. Alikuwa amesogeza tochi chini kidogo. Kwenye karatasi palikuwa na ramani ndogo ya nchi nzima. Alisoma, akarudia kusoma.

"Wifi, njoo uone hapa," alisema. "Soma maneno haya."

Ardelia alivaa miwani. "Kanda ya Upepo, ya Kwanza. Maana yake nini?"

"Tazama ramani. Sehemu kubwa ni nyeupe. Hiyo ni Kanda ya Kwanza. Kandokando ya bahari kuna ukanda wenye mistari. Hiyo ni ya Pili. Mahali penye upepo mbaya zaidi ni ya Tatu. Hapa tulipo, kidole kiweke wapi?"

Ardelia aliweka kidole. Pale palikuwa peupe.

"Na kwa Kendra?"

Ardelia alisogeza kidole kuelekea bahari. Kidogo tu, upana wa punje ya mahindi. Kidole kikakanyaga mistari.

"Nyumba hii iliundwa kwa upepo wa huku ndani," Rozella alisema. "Usidhani ni mbovu. Hapa ilipo ni nzuri, itawafaa hata wajukuu. Lakini nyumba ya pwani inafungwa vingine kiwandani. Paa linashikwa kwenye kuta kwa vyuma vingi zaidi, kuta zinashikwa kwenye sakafu, na mikanda ya kwenda ardhini ni mingi. Ukiipeleka hii kule, siku ya kimbunga paa litaondoka kwanza. Kuta zitafuata."

"Na watu walio ndani?"

Rozella alizima tochi.

"Kwa hiyo hata ningekuwa na vibati..."

"Hata ungekuwa na vibati kumi, wifi. Kule haiendi. Yule afisa angeona namba, angesoma kanda, angekukatalia. Na angekuwa amekuokoa."

"Na Dub?"

"Dub angeipeleka hata baharini."

Ardelia alikaa sakafuni, pale pale mbele ya sinki, mgongo umeegemea kabati. Keshokutwa ilikuwa Jumapili. Siku mbili tu! Alikuwa amekwisha funga vyombo kwenye maboksi. Alikuwa amekwisha chagua dirisha ambalo kiti cha Conley kingewekwa. Miaka ishirini na mbili amechukua sabuni kwenye kabati lile, na onyo lilikuwa nyuma ya sabuni.

"Mpigie Dub," alimwambia Conley. "Mwambie asije. Akija nitamtoa kwa ufagio."

Conley alipiga simu. Kisha naye akakaa sakafuni kando ya mkewe, taratibu, akijishika goti.

"Sasa tunakwendaje kwa Kendra?" aliuliza.

Rozella akavuta kigoda. "Mnaiacha nyumba hapa. Mnamuuzia mtu atakayekaa hapa hapa. Mnatafuta ndogo yenu, iliyoundwa kwa ajili ya pwani. Na mnasoma kwanza, ndipo mnanunua."

Conley aliinamisha uso. Nyumba ile aliipigania miaka yote hiyo. Alilia, wala hakujificha. Ardelia alimwachia alie. Kisha akampangusa uso kwa kitambaa cha vyombo.

Jumatatu, Conley akiwa kwenye mashine, Ardelia alituma maombi ya barua pamoja na namba zote na picha ya ile karatasi. Baada ya siku chache barua ya uthibitisho ikaja. Wanunuzi walipatikana kanisani, mwalimu mmoja kijana na mkewe mwenye mimba. Benki yao iliuliza swali lile lile, vibati viko wapi. Ardelia alitoa barua. Wakaipokea, wala hawakuuliza zaidi.

Kazi ikabaki kutafuta nyumba ya kununua. Kwenye uwanja wa kuuzia nyumba walipokewa na kijana mwenye tai na manukato mengi.

"Karibu mama, karibu mzee! Hii hapa ni ya pwani kabisa! Njooni muone bafu, lina picha ya kasa!"

Ardelia hakwenda bafuni. Alizunguka kwanza nje hadi pembe ya nyuma. Kibati chekundu kilikuwepo. Akapiga picha. Kisha akaingia, akapita sebule bila kuitazama, akaanza kufungua makabati.

"Mama anatafuta panya?" kijana alimnong'oneza Conley.

"Mwache," Conley alisema. "Anauliza watu wa nyumba ni akina nani."

Karatasi ilikuwa ndani ya kabati la nguo. Ardelia aliisoma yote, kidole kikifuata mstari.

"Kijana, njoo. Hapa pameandikwa nini?"

Kijana aliinama. "Kanda ya... ya Kwanza."

"Na sisi tunakwenda wapi?"

"Pwani."

"Na wewe umesema ni ya wapi?"

Kijana alilegeza tai. Wekundu ulimpanda hadi masikioni. "Mama, wallahi, mimi huwa siwasomei. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

"Basi umeulizwa leo. Nionyeshe ya Kanda ya Pili."

Walipata moja ya kipande kimoja, vyumba viwili, bila kasa bafuni. Kabla ya kuihamisha walipata kibali. Rozella mwenyewe aliisimika kwenye kiwanja cha Kendra. Alichimbia nanga za chuma ardhini, akafunga mikanda ya chuma, akahesabu, na mkaguzi wa pwani akaja akahesabu tena. Ardelia alitaka kumsaidia kuhesabu, wakamwomba akae. Picha za kibati na karatasi akaziweka kwenye simu yake na kwenye simu ya Kendra. Kwenye mlango wa kabati aliandika kwa kalamu nzito: USIBANDIKE KITU HAPA.

Maisha yakawa mepesi. Hospitali ilikuwa dakika tano. Conley aliacha kuzimia. Akaanza hata kunenepa mashavu na kubishana na wauguzi juu ya mpira.

Mwezi wa nane nyumba nyingine ililetwa mtaani kwao. Ilikuja Jumapili. Ilikuwa ya Lorene Hewett, mjane mwenye binti wawili, mcheshi, mwenye sauti ya kuita kuku. Ardelia alimpelekea sufuria ya kuku na vitonge vya unga.

"Jirani, umesoma karatasi iliyo kabatini?" alimwuliza.

"Nilisoma bei, mpenzi!" Lorene alicheka. "Ilinitosha!"

Ardelia hakucheka. Siku hiyo hiyo alikwenda naye chini ya sinki lake. Walisoma pamoja. Kanda ya Kwanza. Lorene aliacha kucheka.

"Nimeshalipa," alisema. "Nitaipeleka wapi sasa?"

"Sijui. Nitampigia wifi yangu Rozella, atakuambia pa kuanzia. Lakini niahidi jambo moja. Wakitangaza upepo, usingoje hata kidogo. Chukua watoto mwondoke."

"Na wewe je? Si yako ni ya pwani?"

"Na mimi nitaondoka. Karatasi haijaandika nibaki ndani kimbunga kikija."

Rozella alipangiwa kuja mwishoni mwa Septemba. Upepo haukumngoja. Katikati ya mwezi ule redio ilitangaza watu wa mtaa waondoke. Conley aliwahishwa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Kisha wote walikwenda shule ya sekondari, bara kidogo, pamoja na Kendra na Lorene na binti zake, wakalala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo.

Waliporudi kulikuwa na jua kali. Nyumba ya Ardelia ilikuwa pale pale. Ilikuwa imepoteza ubao mmoja wa chini na kioo cha dirisha la jikoni. Ardelia aligusa ukuta kwa viganja vyote viwili, akashukuru kwa sauti.

Ndipo waliposikia ukelele wa Lorene.

Walikimbia, Conley nyuma akihema. Pale nyumba ya Lorene iliposimama palikuwa na sakafu. Juu ya sakafu palikuwa na beseni la kuogea na choo. Hapakuwa na ukuta hata mmoja. Paa lilikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya shamba la soya, limekunjika. Kitanda cha watoto hakikuonekana kabisa. Binti wadogo wawili walisimama wameshikana mikono, wakitazama mahali ambapo walikuwa wakilala.

Ardelia aliwavuta watoto wote wawili, akawabana kifuani.

Conley alilitazama lile paa shambani.

"Lorene," aliuliza, "nani aliwaletea nyumba hii?"

"Jamaa mmoja wa lori," Lorene alisema. "Anaitwa Dub."

Conley alivua kofia. Alikwenda hadi ukingoni mwa ile sakafu, akakaa, kama mtu aliyepigwa. Ardelia akamfuata.

"Ningekuua, Ardelia," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Tulibakiza siku mbili tu."

"Nami ndiye niliyekuambia umpigie," Ardelia alisema. "Tungekufa wote wawili, Conley, na kosa letu wote wawili."

Walikaa hapo, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, upande ule wenye uvimbe. Kisha simu ya Ardelia ikalia. Ilikuwa hospitali. Umeme umerudi, walisema, mashine zinafanya kazi, Bwana Dial anaweza kuja saa ngapi?

Ardelia aliangalia nyumba yake, hatua mia kutoka pale, imesimama.

"Dakika tano," alisema. Akaenda kufungua mlango wake kwanza, akawaingiza Lorene na watoto, akawaonyesha kahawa na mkate vilipo. Ndipo akampeleka mumewe.